Asubuhi Niliyomruhusu Mgeni Kuingia Ziwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hotelini saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi, nikidhani kuongoza watalii ni kutabasamu na kubeba mizigo. Mkuu wa mapokezi, mwanamke asiyependa maneno mengi, alinikabidhi rundo la fishi, yaani karatasi ambazo mgeni hujaza jina na namba ya pasipoti. Akaniambia, "Ramadhani, watu hawa hawapajui hapa. Utakachowaambia ndicho watakachofanya." Nilikuwa mwenyeji wa pale Rumonge, nimezaliwa hatua chache kutoka ziwani. Niliona ananitisha tu.

Kazi nilijifunza njiani. Tulipowapeleka wageni Gitaza kuona ndagala, wale dagaa wa ziwani, zikianikwa, niliwafundisha kusalimu kwanza kwa "amahoro", kisha kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na wasikanyage palipotandazwa samaki, maana yale ni maisha ya mtu. Baadaye nilihamishiwa Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko niliwakumbusha kutembea na pasipoti na kutoelekeza simu zao kwa askari. Safari za mtumbwi wa mota tulizifanya asubuhi, kabla upepo haujaamsha mawimbi, na hakuna aliyepanda bila jile, lile koti la kuelea.

Niliporudishwa Rumonge nilikuwa nimeshajiona bingwa.

Asubuhi moja mwalimu mstaafu kutoka Ulaya, tuliyemwita Madamu Elene, alinikuta barazani nikinywa kahawa. Alikuwa amejifunga taulo.

"Naweza kuoga pale?" akauliza kwa Kifaransa, akionyesha ziwa.

"Bila wasiwasi, Madamu. Mimi nimeoga pale tangu utoto."

Sikugeuza hata shingo kutazama maji.

Nilikuwa bado na kikombe mkononi niliposikia sauti ya Mama Feza, mama wa kutoka Kivu ya Kusini, ng'ambo ya ziwa, aliyefua mashuka ya hoteli ufukweni. "Madamu, toka mu maji! Kiboko iko nyuma yako!"

Nilikimbia hadi ukingoni, na hapo nikasimama. Madamu alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, ametugeukia, anatabasamu, hajaelewa Kiswahili. Nyuma yake palikuwa na masikio mawili na mgongo mweusi, karibu kiasi kwamba nilisikia mnyama akipumua. Nilijua kuogelea vizuri. Nilijua pia maneno ya Kifaransa ya kumwonya. Hakuna neno lililotoka.

Mama Feza aliingia na nguo zake zote, beseni la bati mkononi. Alimvuta Madamu kwa nywele, akamsukuma kuelekea ufukweni, kisha akaanza kulipiga beseni juu ya maji. Kiboko alifumbua kinywa, akalikamata beseni pamoja na mkono uliolishika. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mnyama akaachia, akazama, na mama akatoka akitembea, mkono unaning'inia kama si wake. Hakulia. Aliniambia tu, "Shika huyu Madamu, anatetemeka."

Patroni, mwenye hoteli, alinikuta nimekaa mchangani.

"Uliangalia maji kabla ya kumruhusu?"

"Hapana, Patroni."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakunywa kahawa."

Nilitaka anifukuze. "Nenda hospitali ukae na yule mama," akasema.

Mkono wa Mama Feza ulipona, lakini haukunyooka tena. Madamu Elene alikaa kando ya kitanda chake siku zote zilizobaki za safari yake, hawana lugha moja, wameshikana vidole. Mimi sikulala vizuri kwa muda mrefu. Tangu hapo, kila mgeni aliyeniuliza habari ya ziwa nilimjibu, "Sijui. Ngoja nikaangalie, niwaulize na wavuvi." Wengine walicheka kwamba kiongozi hajui ziwa lake. Niliwaacha wacheke.

Nilistaafu mwaka jana. Nyinyi mnaoanza kazi hii mna simu zenye ramani na picha za kila ufukwe, na mgeni atawaamini upesi kuliko alivyoniamini mimi. Hilo ndilo linalonitisha.

Siku ya kuniaga, Mama Feza alikuja, akaketi karibu yangu, soda mkononi. Kwa mara ya kwanza nilithubutu kuitaja asubuhi ile.

"Mama, nilisimama pale nami najua kuogelea, na sikuingia. Nyinyi wa ng'ambo mumezaliwa na maji, hamuogopi."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Muzee Ramadhani, nani alikuambia mimi najua kuogelea? Nyumbani kwetu ni mulimani. Mupaka leo sijui."

Akaendelea kunywa soda yake.