Sabuni ya Ran Guixiu

Ran Guixiu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo usiopoa, na katika gati zima la mji wetu wa Yichang, Uchina, hapakuwa na mtu aliyeijua sheria ya Waingereza kumshinda, ingawa hata jina lake hakujua kulisoma. Mimi nilikuwa karani wa ghala wa kampuni ya Kiingereza iliyomkodi yeye na mumewe, Qin Desheng, kupandisha sabuni mtoni kwa mashua yao.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi: mashua yenye mzigo wa kampuni inapeperusha bendera ya kampuni na kubeba cheti chenye muhuri wa balozi mdogo wa Kiingereza, na askari wa majenerali wetu, waliokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, hawaruhusiwi kuigusa. Mzigo ukiisha, bendera inashuka. Basi Ran hakuwa akimaliza kushusha. Sanduku moja la sabuni lilibaki chini ya mkeka wake mpaka mzigo mwingine upatikane. Wapagazi walimcheka, mimi nilijifanya sioni. Kusema kweli iliniuma kuona Mchina akijificha nyuma ya bendera ya mgeni ili Mchina mwenzake asimdhuru, lakini ningemshauri nini kingine?

Vuli ya mwaka 1926 askari walifika gatini kukamata mashua, pamoja na wanaume wenye mashua, wakavute mashua za jeshi kwa kamba kwenye makorongo ya juu ya mto. Wengi waliochukuliwa hivyo hawakurudi. Ofisa wao, kijana wa miwani, alikisoma cheti cha Ran mpaka mwisho, kisha akataka kuuona mzigo. Ran akavuta sanduku lake. Alipoamriwa alifungue, nikaona uso unamshuka.

Ndani mlikuwa na kipande kimoja tu. Kiangazi kizima alikuwa akifua nguo kwa sabuni ya kampuni. Desheng alikwisha simama, akijifunga mkanda wake kama mtu wa safari.

"Karani," ofisa akaniita, "huu nao ni mzigo?"

Nikakinyooshea cheti kidole. "Afande, cheti hakikutaja kiasi."

"Vingine viko wapi?"

"Nimevifulia nguo, afande," Ran akadakia. "Mume wangu analindwa na Waingereza, nikaona si vizuri anuke."

Askari mmoja akaangua kicheko. Ofisa hakucheka. Alikigeuzageuza kile kipande, akausoma muhuri wa kampuni, akakirudisha sandukuni taratibu, akaondoka. Mashua tisa zilichukuliwa siku ile. Ya Ran haikuguswa.

Nilihema kama mtu aliyetua gunia. Ran alikigongomea kifuniko misumari minne, akakaa juu ya sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akalia. Desheng akachuchumaa karibu yake, akamfuta machozi kwa mkono wa shati.

"Usinifulie tena, mke wangu," akamwambia. "Nitavaa chafu mpaka nife."