Msichana Mwenye Nyaya

Jumatatu nilikuwa Kariakoo, kwenye duka la kuchapa mabango, nasubiri kazi yangu. Mbele yangu mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa anaagiza bango la mradi wa kuwavutia wasichana wasome fizikia.

"Andika 'Fizikia ni ya Wote'. Halafu weka picha ya msichana ameshika nyaya za umeme, anatabasamu."

Dada wa kwenye kompyuta akageuka. "Shikamoo, mwalimu. Ulinifundisha fizikia."

Mwalimu akavua miwani, akamtazama vizuri. "Marahaba! Nakukumbuka. Wewe si ndiye uliyekuwa na mwandiko mzuri?"

"Ndiyo. Maabarani wavulana walikuwa wanaunga nyaya, mimi unaniambia niandike majibu. Miaka minne, mwalimu, sikuwahi kushika hata waya mmoja."

Mwalimu akarudisha miwani usoni. "Basi mwanangu, herufi ziwe kubwa. Zionekane toka barabarani."

Mimi si mtaalamu wa miradi. Ningeuliza tu, siku ya maabara kalamu anashika nani?

Yule dada akaigeukia kompyuta. Akazikuza herufi, akazipanga zikapangika. Kisha akaingia mtandaoni kumtafuta msichana mwenye nyaya.