Shangazi Juu ya Benchi

Harufu ya moshi wa mkaratusi mbichi mpaka leo inaniamshia hasira. Ndiyo harufu ya kiangazi cha harusi pale Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale: mahindi yamekwisha vunwa, vumbi jekundu limelala juu ya maturubai, na kila Jumamosi kwaya inaimba mahali fulani. Nilikuwa na miaka kumi. Shangazi yangu Nabintu, dada yake baba, alikuwa mwanamke pekee miongoni mwetu Wakongo wa Kivu Kusini aliyepiga video za harusi. Mimi nilimshikia taa. Aliniahidi kwamba kiangazi hicho hakitakwisha kabla hajaniachia kamera mkononi, nami sikuwaza kingine usiku na mchana.

Kwetu mpiga video husimama juu ya benchi, ili maharusi waonekane juu ya umati unaocheza. Wanaume walipanda siku zote na hakuna aliyeona ajabu. Siku alipooa mtoto wa mzee mmoja wa kanisa, shangazi alikaza kitenge chake, akapanda. Yule mzee akasimamisha muziki, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "Mwanamuke hawezi kusimama juu ya bichwa bya bazee. Shuka, mama." Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini shangazi hakungojwa, aliteremshwa. Pale chini hakuona ila migongo ya makoti. Basi akanivuta mkono, tukazunguka nyuma kwenye masufuria, akawapiga video wanawake waliokuwa wakisonga bugali, jasho likiwatiririka, wakitaniana bila haya, mama yangu katikati yao na mwiko wake. Sijamwona tena mtu akifanya kazi kwa furaha kama shangazi siku ile.

Video ilipoonyeshwa nyumbani kwa mzee, mwenyewe akauliza, "Hii ni ya ndoa ao ya masafuria?" Watu wakacheka, video ikakataliwa. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Shangazi alicheza kwao, na tangu siku hiyo hakuitwa tena. Akaiuza kamera, akaweka meza ya nyanya sokoni. Kiangazi kikaisha sijaigusa.

Leo naishi Ruti, Mbarara, na kazi yangu ni filamu, nyingi za wanawake na masufuria yao. Zimefika hata ughaibuni, na kote huko naulizwa habari za kambi, kuni na mateso. Hakuna anayeniuliza taa niliiweka wapi. Mwezi uliopita niliitwa kupiga video kwenye harusi kubwa hapa mjini. Nilikuta jukwaa la kamera limejengwa, nikapanda, nikaanza kufunga kamera yangu juu ya stendi yake. Mkuu wa wapiga video, Mganda mcheshi tu, akaniambia, "Madam, wewe enda kule kwa wamama wanapika. Hiyo ya masufuria wewe unajua sana. Hapa juu tuko sisi." Inanichoma. Shangazi alifukuzwa kwa ajili ya masufuria, nami nafungiwa humo humo, tena kwa kusifiwa.

Jioni nilimpigia simu shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku nyuma yake nikisikia wateja wakichagua nyanya. Hakunipa pole. Aliuliza jambo moja tu.

"Na weye ulishuka?"

Nilikuwa nimeshuka.