Aliyeahidi Kufika Jangwani

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa nakaanga viazi: kijana niliyewahi kupakana naye ukuta hapa mtaani Gerezani amefariki kwao, nchi ya mbali yenye theluji, kwa ugonjwa ambao haukumpa muda. Aliyeniandikia ni Mganda, mwenzake wa zamani. Wote wawili walikuwa wamisionari wa Kimormoni, wale vijana wa mashati meupe na tai mnaowaona wakitembea wawili wawili. Nilikaa chini, na viazi vikaungua. Tangu siku hiyo nasikia mlango wa jirani ukifunguliwa alfajiri, na najua fika kwamba chumba kile siku hizi ni stoo ya vipuri.

Sikuwahi kusali nao. Lakini ukipakana ukuta na watu, unayajua maisha yao kuliko wanavyodhani. Waliamka mapema, wakasali, kisha kijana yule akarudiarudia maneno ya Kiswahili kwa sauti mpaka nikatamani kumjibu ukutani. Jumatatu walifua, wakapiga pasi na kuzungumza na wazazi wao kwa simu. Siku nyingine walitembea juani, na wenye maduka Kariakoo wakawaambia njooni kesho. Hawakunywa chai wala kahawa, jambo lililowasikitisha majirani kuliko mafundisho yao. Na kwa desturi ya kanisa lao kila mmoja aliitwa Mzee, mtu ndevu hata hazijaota. Watoto wa ngazini walimwamkia kijana yule "Shikamoo, mzee" huku wakicheka, naye akaitikia "Marahaba" bila kutabasamu. Sharti lililowabana zaidi lilikuwa moja: mmisionari hamwachi mwenzake. Sokoni, kwa kinyozi, hospitalini, lazima mmoja awe anamwona mwingine.

Bondeni Jangwani alikuwepo bibi mmoja wa Kizaramo, Mwislamu wa swala tano, asiye na simu wala mtoto wa karibu. Vijana wale walikuwa wakimchotea maji. Walijaribu kumhubiria mara moja, akawaambia, "Wajukuu zangu, dini ninayo. Ndoo ndiyo inayonishinda." Hawakurudia tena, naye akazoea kuwachemshia maji ya tangawizi badala ya chai. Masika yalipokaribia, kijana alimwahidi kwamba Jumamosi asubuhi, kabla bonde halijafurika, watakuja kumhamisha, yeye na vyombo vyake, kwa mpwa wake Ilala. Jumamosi ilipofika, Mganda alikuwa hoi kwa malaria.

Mvua ilikuwa inanyesha kijana alipogonga kwangu.

"Shikamoo, mama. Naomba tangawizi na ndimu. Mwenzangu anaumwa."

"Marahaba, baba. Ingia basi."

"Siwezi, mama. Nikiingia simwoni."

Alisimama na mguu mmoja koridoni, akichungulia kitanda cha mwenzake kupitia mlango waliouacha wazi. Nikamwambia malaria ya mwenzake itaisha, asihangaike. "Atapata nafuu," akasema. "Mchana tunatoka." Nilidhani anazungumzia hospitali, kumbe alikuwa anazungumzia Jangwani, na ahadi yenyewe nilikuwa sijaisikia. Kutwa nzima alingoja homa ishuke. Na kwa kuwa bado alitaka kwenda, hakutuma mtu kusema kwamba hatakwenda. Aliniomba tangawizi, hakuniomba miguu yangu, na mimi siku hiyo nilikuwa nimekaa tu.

Maji yalipoanza kupanda, majirani wa bibi walimfuata zaidi ya mara moja. Aliwajibu, "Nyie tangulieni. Wajukuu zangu wamesema wanakuja, na hawajawahi kuniongopea." Jioni walimtoa kwa nguvu, wakambeba mabegani, maji yakiwa yameshafika vifuani mwao. Kibaridi kile kikamkaa kifuani, na haikupita wiki tukamzika. Nilimsindikiza kijana mazikoni, pamoja na Mganda aliyekuwa bado anatetemeka. Wenyeji walimpa nafasi ya kushika jeneza hatua chache, akashika. Wakati wa kurudi aliniambia, "Mama, nilifuata sharti." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ulilifuata. Hakuonekana kufarijika.

Sharti lile sililaumu. Mganda angeachwa peke yake na homa ile, pengine tungezika wawili. Kinachoninyima raha ni kwamba aliyeahidi angekuwa mmoja wetu, bibi yule asingemngoja. Katika mji huu mtu yuko kitandani Ilala anakwambia "niko njiani, nishafika Gerezani," nawe unaendelea na shughuli zako. Fundi akisema kesho, sisi tunasikia wiki ijayo. Vijiuongo vyetu vimetufundisha kujiokoa wenyewe. Bibi alikuwa amepata watu wa kweli, akaacha kujihami. Naogopa kulisema hili, lakini nalisema: mtu anayeaminiwa kiasi hicho akikwama halafu akanyamaza, kimya chake kinaua.

Kijana alirudi kwao. Kila masika aliniandikia, Kiswahili chake kikizidi kuchakaa, swali likiwa lile lile: "Mama, maji yamefika Jangwani?" Nilimjibu kwamba kukavu, hata miaka ambayo bonde zima lilikuwa maji matupu. Mganda ananiambia kwamba mpaka wiki ya mwisho, akiwa amelazwa, alikuwa akimuuliza kwenye simu kama homa imeshuka.

Leo mvua imeanza. Simu iko mezani, kimya, na bado naitazama. Muda si mrefu wamepita barabarani vijana wengine wawili, wageni kabisa kwangu, mashati meupe chini ya mwavuli mmoja. Nimewaita kutoka dirishani.

"Mnaenda wapi na mvua hii?"

"Jangwani, mama. Kuna mtu tumemwahidi."

"Siku mkishindwa kufika, semeni mapema. Njooni mgonge hapa, nitaenda mimi."

Wameitikia kwa adabu, wakaendelea na safari. Sijui kama wamenielewa. Nimeyatoa mabuti ya mvua chini ya kitanda, nimeyaweka mlangoni.