Sahani Alizozipanda Mama Ukutani

Sisi tuliokulia mtaa wa Mudzipela wakati nyumba nyingi zilikuwa bado za miti na udongo wa potopoto, tulijua tabia ya mama wa nyumba kwa kuangalia ukuta wake. Kiangazi kikifika, akina mama walileta udongo mweupe ndani ya mabeseni, wakaulowesha, wakapaka ukuta mzima kwa mikono, na chini kabisa wakazungusha rangi nyeusi ya makaa ili uchafu wa mvua usionekane. Ndani, viti vilivishwa vitambaa vya kushonwa kwa sindano, vyeupe, na ole wake mtoto aliyekaa juu yake akiwa na mafuta ya mandazi mikononi. Kalenda ya mwaka uliokwisha ilibaki imebandikwa kwa sababu picha ilikuwa bado nzuri. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini mgeni alipoingia alitazama kuta zote kabla ya kukaa.

Nje tulicheza mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba. Pikipiki zilikuwa chache hata tulizitambua kwa mlio, tukajua ni nani anarudi kabla hatujamwona. Jioni tulikula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, kutoka beseni moja la bati, mikono yetu ikigombana katikati, na aliyeongea sana alilala na njaa. Mimi sikuwa wa kuongea, kwa hiyo nilikula vizuri.

Kwenye sahani nzuri hatukula. Zilikuwa za kutazama.

Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Alitoka Butembo akiwa kijana, akafuata dhahabu mpaka Bambu, na huko ndiko nilikozaliwa. Nyuma ya nyumba za zamani za Wazungu wa mgodi, wachimbaji walichimba kila mahali, hata katika mashimo ambamo Wazungu hao walikuwa wakitupa takataka zao. Siku dhahabu ilipokosekana, udongo ulitoa vitu vingine: chupa, vijiko vyenye kutu, na sahani za kauri. Baba alirudi na sahani ndani ya shati, imefungwa kwenye tumbo kama mtoto mchanga.

"Leo hakuna kitu," alimwambia mama. "Iko hii tu."

"Na tutatia nini ndani?" mama aliuliza.

Lakini aliipokea kwa mikono miwili. Aliisugua kwa majivu na maji ya vuguvugu, taratibu, mpaka maua yakatoka. Moja ilikuwa na kinu cha upepo cha rangi ya bluu, ambacho mimi na dada yangu Masika tulidhani ni mtu mnene amenyoosha mikono akiomba msaada. Nyingine ilikuwa na mawaridi na ukingo wa dhahabu uliofifia. Kulikuwa pia na chombo kirefu chenye mdomo, kama mtumbwi mdogo, na hakuna mtu katika Bambu nzima aliyejua kazi yake. Mama alitia chumvi humo. Pamoja na hizo alipenda chungu kimoja cheusi cha udongo, kilichotoka Boga, chenye mistari shingoni iliyochorwa kwa kamba. Maji yake yalikuwa baridi na yalinuka mvua kidogo.

Shimo likiisha, baba alihama, na sisi nyuma yake. Mama alishusha sahani, akafunga kila moja ndani ya kitenge, akazipanga katika beseni kubwa, na beseni alilipakata mwenyewe juu ya gari, hata barabara ikiwa mashimo matupu. Tulipofika mahali papya, kabla ya kutafuta kuni, aliuliza udongo mweupe unapatikana wapi. Alipaka ukuta, akapiga misumari, akapanga sahani. Ukuta ulipoanza kuzoeleka, tulihama tena.

Kwangu ugonjwa wa kuhama ulikuwa shuleni. Kila mara buletini yangu, karatasi ya alama, ilibaki kwa mwalimu tuliyemwacha, na shule mpya bila buletini ilinirudisha darasa la nyuma. Mwishowe nilikuwa mrefu kuliko wote. Watoto waliniita "papa ya klasi," wakaniuliza kama mke wangu na watoto wangu hawajambo. Tulipofika Mudzipela, baba alituacha hapo akaenda kutafuta shimo jingine, na kwa mara ya kwanza nilipanda darasa, nikapanda tena, katika shule ile ile. Mama alikuwa na neno moja tu alilolirudia akichagua maharagi, akifua, akimsuka Masika nywele: nimalize primeri hapa, kwa mwalimu anayenijua jina.

Nilikuwa nimeanza mwaka wa sita, wa mwisho wa primeri, wakati mwenzake baba alipokuja na ujumbe.

"Papa Paluku amesema mujipange," alisema. Paluku ni mimi. "Amepata shimo muzuri. Barabara ikikauka, anakuya kuwachukua na gari."

Mama alimpa chai, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Kesho yake asubuhi alichukua koleo na kwenda kuchota udongo.

Udongo ule hakuupaka mwembamba kama siku zote. Aliuchanganya na mchanga uliochekechwa, majivu na kinyesi cha ng'ombe, akaukanda kwa miguu mpaka ukawa kama unga wa mandazi. Halafu akaanza kuuweka ukutani, mzito, na ndani yake akazibonyeza sahani. Ya kwanza, ile ya mawaridi, ilishika kidogo, ikateleza, ikavunjika juu ya sakafu. Mama alikaa chini akaitazama. Aliona kosa: mgongo wa sahani ni laini mno, hauna pa kushikwa. Kwa nyingine alichimba kitanda kwanza, akailaza ndani, kisha akaleta udongo juu ya ukingo wake pande zote, kama mdomo unaofumba. Kazi yangu ilikuwa kushikilia kwa viganja viwili huku yeye akiimba wimbo wa kanisa. Beti zikiisha, niliachilia. Ikibaki, tulihamia nyingine. Wengine katika darasa langu walijifunza nyimbo hizo kanisani. Mimi nilizijifunza nimesimama juu ya stuli, viganja juu ya sahani.

Mama Vivi, jirani yetu, alikuja kuomba moto akasahau moto.

"Mama Paluku, uko na kichwa mubaya. Sahani inalala mu kabati."

"Kabati inabebwa," mama alijibu.

Mama Vivi alifunga kitenge vizuri kiunoni na kutuletea maji.

Hata chungu cha Boga mama alikijengea pembe yake ya udongo, kikaingia hadi tumboni, kikabaki shingo tu. Nyumba ilikuwa ya kupanga, na sisi wote tulijua. Mwenye nyumba, mzee mmoja aliyevaa kofia hata ndani, alipopata habari alikuja, akatembeza kidole ukutani.

"Mama, ukuta iko yangu. Kitu imeingia mu ukuta yangu, ni yangu."

"Ni yako? Basi kuya na bugali yako, ukulie mule."

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Wiki iliyofuata alileta shemeji zake kuangalia, akawaeleza sahani moja moja kama vile yeye ndiye aliyezichimba.

Lakini sisi hatukucheka sana. Kila gari lililonguruma upande wa barabara lilinifanya nikimbilie mlangoni. Udongo ulikuwa unakauka na barabara ilikuwa inakauka, na sikujua kipi kitatangulia. Usiku nilijua mama hajalala kwa sababu hakukoroma, na mchana aligusa ukingo wa sahani kila alipopita, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Baba alifika mchana, juu ya kamionete iliyojaa magodoro ya watu wengine. Alipiga kelele tangu nje.

"Mama Paluku, vitu iko wapi? Gari haingoje."

Aliingia. Macho yake yalihitaji muda kuzoea giza la ndani, kisha yakaona. Alisimama pale na vumbi lake lote.

"Ulifanya nini?"

"Nilipanga nyumba."

"Hizi tunaziondosha namna gani?"

"Hazitoke."

Baba alichomoa kisu, akaweka ncha pembeni ya sahani ya kinu cha upepo. Udongo ulitoa unga kidogo. Mimi na Masika tulikuwa tumebana mgongo kwenye ukuta wa pili. Mama hakusogea. Baba alikuwa mtu wa mashimo, mikono yake ilijua udongo upi unaachia na upi hauachii. Alisikiliza kile kisu, kisha akakirudisha.

"Ni mimi nilikuletea hizi sahani zote."

"Ndiyo. Na mimi nikazitafutia mahali."

Nje dereva alipiga honi.

"Utabakia hapa?"

"Siye tunabakia. Huyu mutoto atamaliza. Weye kama unaenda, enda, Papa Paluku. Mulango iko wazi, hata ya kurudia."

Baba alinigeukia. Nilifikiri atanipiga, ingawa hakuwa mtu wa kupiga.

"Mwalimu wako anaitwa nani?"

Nilimwambia. Alilirudia lile jina polepole. Hakuwahi kuniuliza swali hilo, kwa sababu hapakuwa na mwalimu aliyekaa nami muda wa kutosha kuulizwa. Kisha akachukua sururu yake nyuma ya mlango, akamshika Masika kichwani, akatoka. Kamionete iliondoka ikiwa na nafasi yetu tupu kati ya magodoro.

Nilimaliza. Jina langu lilisomwa mbele ya ofisi ya shule, na Mama Vivi akapiga vigelegele vikubwa kuliko vya mama. Shule yangu iliishia pale, lakini iliisha mahali pamoja.

Baba aliendelea kuja, mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, viatu miguuni, akitazama ukuta kuliko alivyotutazama sisi. Hakuleta sahani tena. Alileta sukari, sabuni, mafuta, vitu vinavyoisha. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akaenda kupika, na walipozungumza walizungumza kama watu waliosoma pamoja zamani. Leo bado yuko machimboni, na mama bado yuko Mudzipela na ukuta wake. Udongo umepasuka hapa na pale, yeye huuziba kila kiangazi.

Mimi nimepanga nyumba yangu, chumba kimoja nilichokigawa kwa pazia. Nakusanya sahani za zamani. Nazipata kwa akina mama wanaotandaza magunia sokoni, na kwa familia zinazohama upesi ambazo haziwezi kubeba kila kitu. Rafiki zangu wananicheka. "Paluku, utaoa lini? Ao unangojea sahani ikupikie?" Wao wamebandika ukutani karatasi ya maporomoko ya maji, na taa za rangi zinazokonyeza mpaka macho yanauma. Wanapiga picha, na wiki ijayo maporomoko yametoka, umeingia mji wa Ulaya ambao hawaujui jina. Katika nyumba ya mama, kati ya vitambaa vyeupe, wasingepata pa kuchaji simu.

Nawacheka, lakini tuko sawa. Ukuta wangu ni wa bloki za simenti, na sahani nimezitundika kwa waya. Kila Jumapili nazishusha, nabadilisha mpangilio, na hakuna mpangilio unaonituliza. Msumari siugongi mpaka mwisho. Nauacha kichwa nje kidogo, ili utoke upesi. Nikisikia kwamba mahali fulani dhahabu imetoka, miguu inaniwasha, natazama ukuta na kufikiri beseni gani lingetosha. Nikisikia habari mbaya za barabarani, za watu kukimbia, nafikiri hivyo hivyo.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea. Alizisifu sahani, akaziita nzuri kuliko zake. Kisha akatikisa msumari mmoja kwa kidole, ukacheza.

"Na weye unaenda wapi?" aliuliza.

Nilimmiminia chai.

Wakati ule wa Mudzipela mtu akitaka kutuona alikuja tu, akapiga hodi, maana alijua tuko. Ndugu walifika kutoka Butembo bila kutuma habari, wakatukuta. Siku hizi simu ikilia, kabla ya salamu, kabla ya jina, neno la kwanza ni "Uko wapi?" Nami huwa nimekaa nyumbani, mlango umefungwa, sahani zote ziko mahali pake, na najisikia nikijibu: "Niko mu njia."