Jirani Alisema Nimehama

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikichanganya mambo nisamehewe. Ila ule mkutano wa kijiji hapa Heru Juu naukumbuka vizuri, maana ndipo jina langu lilipokosekana.

Ofisa kutoka Kasulu mjini alisoma kaya zitakazopata msaada wa serikali. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, mwanangu mdogo mgongoni, mkubwa ameniegemea. Alipokunja karatasi nikasimama.

"Mimi mbona simo? Mume wangu amekufa, kila mtu anajua."

"Waandikishaji walikuta mlango umefungwa. Jirani akasema umehama."

Mtu nyuma akapaza sauti: "Si alirudi kwao Burundi!" Watu wakacheka.

Nilitaka kukaa. Badala yake nikatoa kifuani mfuko wa nailoni wenye cheti cha uraia alichopewa baba, aliyetoka Burundi, na jina langu limo humo, nikiwa mtoto. Ofisa alikisoma polepole, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Uraia hauna shida, dada. Swali ni kama unaishi hapa."

Jirani yangu, mzee tunayepakana naye, akasimama mwenyewe. "Mimi ndiye niliyesema. Miezi mitatu sikuona moshi kwake. Nidanganye?"

Nilikasirika, lakini ukweli ni kwamba hakusema uongo. Mvua zikianza huwa nakwenda Kitahana, kule Kibondo, kulima maharage kwenye shamba la kaka. Nalala kibandani na wanangu mpaka mavuno. Na sisi huku mtu akienda shamba haagi. Anavuta mlango alfajiri, kimya, wezi wasijue nyumba haina mtu. Nilikuwa nimejificha vizuri mno.

"Mzee," nikamwambia, "zahanati ilipojengwa, kila kaya ilipewa rundo lake la mawe. Langu alibeba nani?"

"Wewe. Tena ulichelewa, tukakugombeza."

"Mgeni mnamgombeza?"

Akakuna kidevu. "Hapana. Mgeni tunampa kiti."

Safari hii watu walicheka upande wangu.

Mwenyekiti wa kijiji akaomba wanaokubali kuwa naishi hapa wanyooshe mikono. Ilinyanyuka mingi, si yote. Mama mmoja mwenye hali mbaya kuliko yangu hakunyanyua wake. Naye hakuwa kwenye orodha, ila aliona aibu kusema. Simlaumu. Nikamsemea, ingawa niliogopa nafasi ikiwa moja atapewa yeye.

Ofisa akatuandika sote wawili. "Tutakuja kuhakiki nyumbani mvua zikianza."

"Nitakuwa shamba."

"Basi ukienda, aga."

Nikawaza nisiende. Lakini nisipolima tutakula nini? Mvua ya kwanza ilipolowesha udongo, nilibeba jembe mchana kweupe, nikaenda kwa yule mzee na ufunguo.

"Mwakeye, mzee," nikamsalimu kwa Kiha. "Wakija, waambie nimeenda kulima, narudi. Wafungulie waone vyungu vyangu."

"Na wezi je?"

"Wezi nimekuachia wewe."

"Ee! Leo umenifanya askari bila sare," akasema, akautia ufunguo mfukoni.

Niliporudi na maharage yangu, karatasi ya majina ilikuwa imebandikwa ofisi ya kijiji. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Jina la yule mama lilikuwa juu. Langu lilikuwa chini kabisa, karibu na mhuri. Nikamwita mwanangu mkubwa alisome na yeye, nisije nikawa nimekosea.