Binti yangu alikuwa ananikaribisha nyumbani kama mgeni: jioni zangu za twiga na mpira hapa Garissa

Salaam aleikum wakuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo acha na mimi nichangie. Sijatia chumvi. Mke wangu Sahra yuko hapa pembeni anachungulia, nikidanganya atanisahihisha.

Mimi ni dereva wa boza la maji. Kwa miaka mingi nilikuwa Dadaab, napeleka maji Hagadera na vijiji vya karibu. Nyumbani Garissa nilikuwa nakuja siku mbili tatu, nalala, narudi.

Sasa nimepata kazi hapa hapa mjini. Swala ya alasiri inanikuta nyumbani. Nikadhani nitapokelewa kama baba.

Wapi!

Jioni ya kwanza binti yangu Ifrah, ana miaka sita, alinifungulia mlango, akanibusu mkono, akaniambia kwa heshima zote:

"Karibu adeer. Mama anasali, keti."

Kwa msiojua Kisomali, adeer ni ami, na ndivyo mtoto anavyomwita mwanamume yeyote mzima anayeingia nyumbani. Mwenye duka ni adeer. Fundi wa stima ni adeer. Na mimi sasa nimo.

Sahra akamkemea. Mtoto akasema "Karibu Aabo", yaani baba, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, akakimbilia jikoni.

Wakuu, iliniuma sana.

Kila jioni ikawa hivyo, adabu tupu. Haniombi kitu, hanikasirikii, hanibishii. Ukiona mtoto wako ana adabu kiasi hicho kwako, jua bado hajakujua. Nilijaribu peremende: akapokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaenda kuzila kwa mama yake.

Basi nikaacha kumfuata. Mimi nimezaliwa Kotile, nimekua na ngamia. Ndama wa ngamia mwenye woga hakimbizwi. Unakaa karibu naye, unashughulika na mambo yako, mwenyewe atakuja kukunusa.

Mambo yangu yakawa twiga.

Tunakaa pembeni mwa mji, na jua likipungua twiga hupita nyuma ya nyumba. Nikakata pipa, nikawa namimina humo maji yaliyobaki kwenye boza, kisha naketi juu ya jerikeni na chai yangu ya maziwa ya ngamia. (Kabla hamjauliza: ndiyo, tajiri wangu anajua. Ni mabaki tu.)

Twiga akitaka kunywa ni sinema. Anatanua miguu ya mbele, anaangalia huku na huku, anainama, anashtuka na kitu ambacho hakipo, anaanza upya. Mimi hapo uchovu wote wa barabara unaisha.

Ifrah alianza kwa kuchungulia kwenye pazia. Baadaye mlangoni. Jioni moja nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili chake cha Kisomali kisicho na v wala p:

"Huyu anasujudu fibaya."

Sikugeuka. Nikasema, "Mfundishe basi."

Akacheka, akaketi mchangani, mbali kidogo na mimi. Nilifurahi mpaka chai ikapoa mkononi.

Baada ya maghrib ni TV. Mimi ni mtu wa mpira, na nikiangalia napiga kelele, Sahra ni shahidi. Ifrah akaanza kukaa nasi, mwisho kabisa wa mkeka. Akasogea. Akasogea tena. Mwishowe akajichagulia mto karibu na ukuta.

Anampenda kipa peke yake. Anasema wale wengine ni wajinga, wana mikono na hawaitumii. Nimejaribu kumweleza sheria, nimeshindwa.

Sasa ikaja mechi ya timu ya taifa. Majirani wakaja kwangu kwa sababu TV yangu ndiyo kubwa.

Kwetu wanaume wakijaa sebuleni, mtoto analeta chai, anasalimia, anaondoka. Ifrah aliufuata utaratibu vizuri. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, sauti ya chini, macho chini. Wakamsifu.

Akafika kwangu. Nilikuwa nimeegemea ule mto wa ukutani. Akaweka mikono kiunoni.

"Aabo! Ondoka habo! Kila siku nakwambia habo ni bangu, wewe husikii!"

Jirani yangu Abdi akaniuliza, "Huyu utamkanya lini?"

Nikasogea.

Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi namna ile. Akakaa, hakuondoka tena, na bao letu lilipoingia sikuliona vizuri kwa sababu alikuwa ameruka mbele yangu.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto hanunuliwi. Rudi nyumbani mapema, fanya kitu unachokipenda mahali anapokuona, halafu subiri. Na siku akikufokea mbele ya watu, usikimbilie kukasirika.

Wazazi mnaofanya kazi mbali, wenu waliwazoea vipi? Andikeni hapo chini. Mimi nakomea hapa, kuna mtu ameshaniamrisha mara mbili niweke simu chini.